Omeprazoli: dawa nzuri isiyo na mwanzo wala mwisho

Kuanzia Kariakoo hadi Kisumu, kuna kidonge kimoja kinachoombwa dukani kwa jina, bila aibu na bila cheti: omeprazo. Mteja hasemi anaumwa nini. Anasema, "Dokta, nikatie omeprazo kumi," na yule anayeitwa dokta, ambaye mara nyingi si dokta, anachukua mkasi, anakata karatasi ya vidonge, anatumbukiza kwenye kibahasha cha kaki na kuandika kwa kalamu 1x2. Mkasi ukipita vibaya, tarehe ya mwisho wa matumizi inabaki dukani pamoja na nusu ya jina la dawa. Shughuli nzima haifiki dakika mbili. Hakuna aliyeuliza maumivu yalianza lini, mteja anatumia dawa gani nyingine, wala kama anameza kabla ya kula au baada. Na hakuna aliyemwambia aache lini.

Dawa yenyewe sina ugomvi nayo. Ni chache zilizovumbuliwa nusu ya pili ya karne iliyopita ambazo zimewapunguzia watu mateso kiasi hiki kwa bei ndogo kiasi hiki. Ugomvi wangu ni namna inavyoingia mwilini bila mwanzo, maana chanzo cha maumivu hakikutafutwa, na inavyokaa humo bila mwisho, maana siku ya kuacha haikupangwa. Malalamiko mengi unayoyasikia, kwamba haifanyi kazi, kwamba ukiacha kiungulia kinarudi kwa hasira, kwamba inamaliza figo, ukiyafuatilia yanakurudisha kwenye mapungufu hayo mawili.

Wanaoichukulia kama pipi hawakuona hali ilivyokuwa kabla yake. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwenye kidonda cha tumbo alikuwa na maziwa, dawa za kupoza asidi, na yakimshinda hayo, kisu cha daktari: kukatwa mshipa wa fahamu unaoliamuru tumbo limwage asidi, au kukatwa kipande cha tumbo lenyewe. Mwaka 1976 Uingereza ikaanza kuuza simetidini, iliyotokana na kazi ya James Black, mtaalamu wa dawa kutoka Scotland, aliyeonyesha kwamba ukizuia histamini isifikishe ujumbe wake kwenye ukuta wa tumbo, asidi hupungua. Mwaka 1981 ikafuata ranitidini, dawa ya familia hiyohiyo, ikatawala dunia hadi ilipokutwa na NDMA, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani, ambayo huongezeka kadiri dawa inavyokaa kwenye joto. Aprili 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ikataka ranitidini yote iondolewe sokoni.

Black alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988, na mwaka huohuo kampuni ya Astra ya Sweden ikaingiza sokoni omeprazoli kwa jina la Losec. Wamarekani walilazimika kulibadilisha liwe Prilosec, kwa sababu kwenye vyeti lilikuwa likichanganywa na Lasix, dawa ya kukojoza. Kumbe mwandiko wa daktari ni janga hata kwa wenzetu.

Tofauti ya omeprazoli na waliotangulia iko kwenye mahali inapopiga. Ukuta wa tumbo una chembe maalumu zenye kazi ya kumwaga asidi, na kila chembe ina pampu ndogondogo zinazoisukuma nje. Amri ya kumwaga huja kwa njia tatu: histamini, homoni iitwayo gastrini, na mshipa wa fahamu. Simetidini na ranitidini zinaziba njia moja, mbili zinabaki wazi. Omeprazoli haishughuliki na njia. Inaifuata pampu yenyewe na kuifunga isifunguke tena, na mwili ukitaka asidi hauna budi kutengeneza pampu mpya. Ndiyo maana dawa inayokwisha kwenye damu baada ya saa chache hulituliza tumbo kutwa nzima. Ndugu zake, esomeprazoli, pantoprazoli, lansoprazoli na rabeprazoli, wanafanya kazi ileile, na tofauti kati yao ni ndogo kuliko tofauti ya bei zao.

Sasa masharti, na hapa ndipo kibahasha cha kaki kinapomwangusha mteja. Omeprazoli haiivumilii asidi ambayo imekuja kuizuia. Zikikutana tumboni dawa inaharibika, kwa hiyo watengenezaji huizungushia ganda. Fungua kapsuli moja juu ya sahani: hukuti unga, unakuta chembechembe nyeupe za mviringo, ndogo kuliko ulezi, kila moja ikiwa na utando unaoyeyuka kwenye utumbo mwembamba, tumbo likishapitwa. Anayezitafuna, au anayezisaga ili mtoto aweze kumeza, ameuondoa utando huo kwa mkono wake. Na ukikuta zimegeuka kahawia au zambarau, ujue joto na unyevu vimeshamaliza kazi. Kabati la kioo linalopigwa na jua la saa nane mchana la Dar es Salaam si mahali pa kuiweka dawa hii.

Sharti jingine ni la wakati. Dawa inazifunga pampu zinazofanya kazi tu, zilizolala zinapona. Kinachoziamsha ni chakula. Kwa hiyo humezwa nusu saa hadi saa nzima kabla ya mlo, kwa kawaida kabla ya chai ya asubuhi, ili ifike kwenye damu wakati mlo unaziamsha pampu. Anayeimeza usiku akishajilaza, kwa sababu ndipo kifua kinapowaka, amechagua wakati mbovu kuliko wote. Tena dozi ya kwanza haizikamati zote. Nguvu kamili huja baada ya siku 3 hadi 5 za kumeza mfululizo. Mtu anameza kimoja leo, kingine Jumamosi baada ya nyama choma, halafu anatangaza mtaani kwamba omeprazo za siku hizi ni feki. Kiungulia cha mara mojamoja dawa zake ni zile za kupoza papo hapo: vidonge vya magnesiamu vya kutafuna, dawa nyeupe ya maji ya kutikisa, au Eno inayochemka kwenye glasi. Zinafanya kazi kwa muda mfupi kisha basi, na tatizo la saa moja halihitaji zaidi ya hapo.

Kuna jambo ambalo hata wanaoitumia kwa utaratibu hawaambiwi. Kucheua asidi ni tatizo la mlango kabla ya kuwa tatizo la asidi. Umio unapoingia tumboni pana msuli wa duara unaotakiwa kubana chakula kikishapita. Ukilegea pasipo wakati wake, vya tumboni vinapanda. Wengi wenye kiungulia hawana asidi nyingi kuliko majirani zao. Asidi yao imefika mahali pasipo na ukuta wa kuistahimili. Omeprazoli haikazi msuli huo hata kidogo. Inachofanya ni kubadilisha kinachopanda, kisiwe kikali. Kwa hiyo mtu ambaye moto wa kifuani umepoa lakini bado anarudisha chakula mdomoni akiinama kufunga kamba za viatu asidhani dawa imeshindwa. Imemaliza kazi yake. Kilichobaki ni cha mlango.

Na mlango una dawa zake zisizouzwa dukani. Kitambi kikipungua, shinikizo juu ya tumbo hupungua nacho. Mlo wa mwisho uliwe saa 3 kabla ya kulala, jambo gumu katika miji yetu ambako baba anafika nyumbani saa nne usiku kwa sababu ya foleni, anakula ugali na maharage ya kutosha kisha anaanguka kitandani. Kitanda kiinuliwe upande wa kichwani kwa matofali, sentimita 15 hadi 20. Mito miwili haitoshi, maana inamkunja mtu kiunoni na kulibana tumbo zaidi. Kulala ubavu wa kushoto nako kunasaidia, kwa namna tumbo lilivyokaa.

Kwenye orodha ya vyakula nina mashaka. Mgonjwa akienda hospitali anarudi na karatasi inayomkataza pilipili, ndimu, nyanya, maharage, kahawa, chai ya maziwa, mihogo na vyote vya kukaanga, na baada ya wiki mbili ameikimbia, kwa sababu kilichobaki hakishibishi. Ushahidi wa makatazo ya jumla ni mdogo kuliko ushahidi wa uzito na wa muda wa kula. Ni busara zaidi mtu akiangalia kinachomuuma yeye na kukiacha hicho. Mwezi wa Ramadhani unaonyesha wazi nguvu ya mtindo wa kula: kutwa nzima tumbo tupu, kisha futari ya kujaza kwa mkupuo mmoja, kisha daku karibu na alfajiri na kulala papo hapo. Mtu yuleyule anayekula vyakula vilevile mwezi wa Shaabani bila shida, Ramadhani anaungua. Anayelazimika kutumia omeprazoli akiwa amefunga anaweza kuimeza akiamka, nusu saa kabla ya kula daku, au akafungulia nayo kwa maji na tende chache na kusubiri kidogo kabla ya mlo wenyewe.

Wajawazito ni kundi lao. Homoni hulegeza msuli ule na mtoto analisukuma tumbo juu, na kiungulia huondoka chenyewe baada ya kujifungua. Bibi zetu husema mama anayeungua sana atazaa mtoto mwenye nywele nyingi. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliwafuatilia wajawazito 64 wakitaka kuikanusha imani hiyo, wakajikuta wameithibitisha. Ni kundi dogo na sijengi hoja juu yake, ila bibi asidharauliwe haraka. Mjamzito huanza na mtindo wa kula na dawa za kupoza. Omeprazoli huja baadaye, kwa ushauri wa kliniki.

Turudi kwenye mwanzo uliokosekana. Mtaani, maumivu yote chini ya chembe cha moyo ni vidonda vya tumbo. Jina hilo limetolewa kwa watu ambao hawajawahi kuwa na kidonda, na likishatolewa halifutiki. Mtu anaishi nalo miaka 20. Wapange watu wanne mbele ya kaunta, wote wakishika palepale, na kila mmoja ana lake. Wa kwanza anacheua asidi. Wa pili ana kidonda kweli, kilicholetwa na bakteria. Wa tatu ni fundi ujenzi anayemeza diklofenaki kwa ajili ya mgongo tangu mwaka jana, na dawa hiyo ya maumivu ndiyo inayoukwangua ukuta wa tumbo lake. Wa nne hana kidonda wala asidi ya kupanda: tumbo lake linajaa upesi, linachelewa kusaga, linauma akiwa na mawazo, na kamera ikipita haioni kitu.

Wote wanne wanapewa kibahasha kilekile. Wa kwanza atapata nafuu, na wiki 4 hadi 8 kwa kawaida zinamtosha. Wa tatu naye atapata nafuu, lakini anazima kwa kidonge kimoja moto anaouwasha kwa kingine, na swali moja tu, "Unameza dawa yoyote ya maumivu?", lingemwokolea pesa na pengine uhai, kwa sababu vidonda vya diklofenaki, aibuprofeni na aspirini vinaweza kuvuja damu bila kuuma kwanza. Wa nne ndiye anayepoteza zaidi. Kwa watu wa aina yake tafiti zinaonyesha inabidi kutibu 10 hivi ili mmoja apate nafuu ambayo asingeipata kwa kidonge kisicho na dawa. Akiona haisaidii anaongeza dozi, kisha anahamia esomeprazoli ya bei mbaya, kisha anaanza kuamini ana kansa.

Wa pili anastahili maelezo zaidi, kwa sababu kwake omeprazoli peke yake ni dawa ya nusu njia. Hadi miaka ya 1980 wasomi waliamini kidonda kinaletwa na mawazo na pilipili, na kwamba hakuna bakteria anayeweza kuishi ndani ya asidi. Jijini Perth, Australia, Robin Warren alikuwa akiwaona kwenye hadubini, na mwaka 1982 yeye na Barry Marshall wakafanikiwa kuwaotesha. Hawakuaminiwa. Mwaka 1984 Marshall akanywa mchuzi wa bakteria hao, akaugua tumbo, kipimo kikaonyesha uvimbe na bakteria wenyewe. Nobel yao ilikuja mwaka 2005. Helicobacter pylori, kama anavyoitwa, huambukizwa zaidi utotoni, na makadirio yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba Afrika watu 7 kati ya 10 wanaye. Wengi wao hawatapata kidonda maishani.

Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo inayovuruga mambo madukani na kwenye maabara za mitaani. Kipimo cha haraka cha damu kinatafuta kinga ambayo mwili ulitengeneza dhidi ya bakteria, na kinga hiyo hubaki hata baada ya kupona. Katika nchi ambayo watu 7 kati ya 10 wamekutana naye, kumpima yeyote aliyeingia ni kujihakikishia wateja. Nimeona watu waliomaliza dozi ya bakteria mara tatu kwa sababu kipimo cha damu "bado kinasoma". Kipimo chenye maana, hasa cha kuhakikisha umepona, ni cha choo au cha pumzi, na hapo kuna mtego mwingine: omeprazoli huwapunguza bakteria kiasi cha kukidanganya kipimo, kwa hiyo inaachwa wiki 2 kabla, na antibayotiki wiki 4 kabla. Tiba yenyewe ni omeprazoli mara mbili kwa siku pamoja na antibayotiki mbili, kwa kawaida amoksilini na klarithromaisini au metronidazoli, kwa siku 7 hadi 14. Ni vidonge vingi, mdomo unakuwa mchungu, na wengi wanaachia njiani siku ya tano maumivu yakishapoa. Wanawaachia bakteria nafasi ya kujifunza kuzishinda antibayotiki, na metronidazoli imeshazoeleka mno kwetu kwa kuhara na mengineyo.

Sasa hatari ya kuzima dalili. Kutoka Ethiopia kushuka hadi Malawi na kuendelea kusini, upande wa mashariki wa bara hili una saratani ya umio kwa kiwango kikubwa kuliko sehemu nyingi za dunia. Hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, inaijua vizuri, na huko wapo wagonjwa wa miaka ya 30. Saratani hii ya kwetu haitokani na kucheua asidi. Sigara, pombe na chai ya moto sana vinatajwa zaidi. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi joto 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani, na watafiti waliopima chai mkoani Kilimanjaro walikuta watu wakianza kuinywa ikiwa na nyuzi 70 hivi. Dalili yake ya mapema ni chakula kukwama: kwanza nyama, kisha ugali, kisha hata uji. Mgonjwa anayaeleza kama "kiungulia kinachoziba", anauziwa omeprazoli, anarudi, anauziwa nyingine, na miezi inakatika.

Kwa hiyo chakula kikikwama, hakuna kujaribu dawa kwanza. Vivyo hivyo kwa anayetapika damu, anayepata choo cheusi cha kunata, anayepungua uzito bila kutaka, aliyekutwa na upungufu wa damu, au mtu mzima wa miaka 50 na kitu ambaye hajawahi kuumwa tumbo na sasa linamsumbua. Hao ni wa kamera ya tumbo, inayopatikana Muhimbili, KCMC, Bugando, Kenyatta na hospitali nyingine kubwa. Na yupo wa dharura zaidi: anayehisi moto kifuani akipanda ngazi, ukienda begani au tayani, huku jasho linamtoka. Huyo ni wa moyo, na kila nusu saa anayoimaliza akisubiri omeprazoli ifanye kazi inamgharimu misuli ya moyo.

Swali la dawa nyingine halizungumzwi kabisa, na kwetu ndilo zito. Maelfu kwa maelfu ya watu wa Afrika Mashariki wanatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (ARV), na mchanganyiko wa kwanza siku hizi una dolutegraviri. Omeprazoli haiigusi dolutegraviri. Zinazoigusa ni zile dawa "nyepesi" za kupoza asidi, zenye magnesiamu na aluminiamu, ambazo huikamata tumboni isiingie kwenye damu. Dolutegraviri inapaswa kumezwa saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Kwa atazanaviri, inayotumika katika mchanganyiko wa pili, na kwa rilpivirini ya vidonge, mambo yanageuka: hizo zinahitaji asidi ili ziingie mwilini, na omeprazoli inaziangusha. Mtu anaweza kumeza dawa zake kila siku bila kukosa, na virusi vikapanda kwa sababu ya kidonge cha kiungulia. Lakini nani atamwambia muuza dawa kwamba anatumia ARV huku watu watatu wamepanga foleni nyuma yake na mmoja ni jirani? Ningependa kila kliniki ya dawa hizo (CTC) imwulize mgonjwa habari za tumbo kabla hajalipeleka dukani mwenyewe. Wenye stenti ya moyo wanaotumia klopidogreli nao waulize, kwa sababu omeprazoli huipunguza nguvu, na pantoprazoli huwa chaguo bora kwao.

Je, inaua figo? Inaleta kichaa cha uzeeni? Inavunja mifupa? Taarifa hizi zinazunguka WhatsApp kila baada ya miezi michache, na nyingi zinatokana na tafiti zilizowatazama watumiaji na wasio watumiaji bila kuzingatia vya kutosha kwamba wanaotumia dawa hii miaka mingi huwa wazee na wagonjwa zaidi tangu mwanzo. Utafiti mkubwa uliowagawa watu kwa bahati nasibu, 17,598 katika nchi kadhaa, wakapewa pantoprazoli au kidonge tupu na kufuatiliwa kwa miaka 3 hivi, ulichapishwa mwaka 2019. Haukuona ongezeko la magonjwa ya figo, mifupa wala kupoteza kumbukumbu. Kilichoongezeka kilikuwa kimoja, maambukizi ya tumbo na kuhara: asilimia 1.4 dhidi ya 1.0. Kutumia miaka mingi kunaweza pia kushusha magnesiamu na vitamini B12 mwilini, na kupunguza uingiaji wa madini ya chuma, jambo la kumkumbusha mama anayemeza vidonge vya kuongeza damu. Figo huweza kushambuliwa, ila ni nadra.

Tofauti ile ya asilimia 0.4 inaonekana ndogo ukiisoma ukiwa Toronto. Asidi ya tumbo ni ulinzi. Vijidudu vingi tunavyovimeza kwenye maji na chakula vinafia humo, na vya kipindupindu ni miongoni mwa vinavyoiogopa sana asidi. Katika mtaa unaochota maji ya kisima kifupi kando ya choo, masika yakiwa yameanza na kipindupindu kimetangazwa, kuzima asidi ya mtu ambaye hakuhitaji kuzimiwa ni uamuzi mzito kuliko unavyoonekana kwenye kibahasha. Hilo linanisumbua kuliko figo.

Sijawalaumu wauza dawa peke yao. Kamera ya tumbo inapatikana kwenye miji michache, foleni ni ndefu, na bei yake mtu wa kipato cha siku anaiona ya kitajiri. Duka liko kona ya pili, liko wazi hadi usiku na linakopesha. Kumwambia mtu huyo "nenda kamwone daktari bingwa" ni kumfukuza kwa adabu. Kinachowezekana palepale kaunta ni kidogo na hakigharimu: kuuliza kama chakula kinakwama, kama amepungua, kama anameza dawa za maumivu au dawa za kudumu, kuandika kwenye kibahasha "kabla ya chai" badala ya 1x2 kavu, na kuandika tarehe ya kuacha. Marekani wanaiuza bila cheti tangu 2003, lakini boksi lenyewe linasema siku 14, na usirudie kabla ya miezi 4 kupita. Sisi tunaiuza bila cheti na bila boksi.

Tarehe hiyo ya kuacha ina maana kwa sababu ya kitu kinachowatega watu wengi. Tumbo likikosa asidi, mwili huongeza gastrini, homoni ya kuidai, na chembe zinazochochea asidi hunenepa. Dawa ikikatwa, asidi hurudi kwa wingi kuliko mwanzo kwa wiki kadhaa. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark waliwapa esomeprazoli watu wazima wenye afya, wasio na kiungulia, kwa wiki 8. Walipoiacha, asilimia 44 walipata dalili za asidi, dhidi ya asilimia 15 ya waliopewa kidonge tupu. Yaani dawa ya kiungulia iliwapa kiungulia watu ambao hawakuwa nacho. Anayeiacha baada ya miezi sita, akaungua siku ya tatu, anahitimisha kwamba ugonjwa bado upo na anarudi dukani. Hapo amekuwa mteja wa kudumu wa ugonjwa ambao huenda ulishapona.

Kutoka kwenye mtego kunahitaji kujua kwamba moto huo utapita. Anayemeza mara mbili kwa siku ashuke hadi mara moja kwa wiki 2 hivi, kisha siku moja ndiyo moja hapana, kisha amalize. Wengine huacha kwa mkupuo na kuvumilia. Njia zote mbili hufika. Kwenye siku ngumu atumie dawa ya kutafuna, akizingatia yale ya ARV, na asiache matofali chini ya kitanda. Ikipita miezi miwili na bado anaungua kama zamani, hapo ni ugonjwa wenyewe, na kipimo ndicho kinachofuata.

Wapo wasiopaswa kuiacha hata wakisoma makala kumi kama hii: aliyewahi kutapika damu kwa sababu ya kidonda na bado anatumia aspirini ya moyo, ambaye umio wake ulikutwa umechubuka vibaya au umebadilika chembe zake, na mzee ambaye daktari wake ameshindwa kumwondoa kwenye dawa za maumivu ya viungo. Kwao kidonge cha kila asubuhi ni kinga, na mwanzo wake umeandikwa kwenye faili. Aliyekianza mwenyewe dukani bila faili ndiye wa kukaa na daktari au mfamasia na kuuliza bado anakimeza kwa ajili gani.